Jinsi ya Kuipasua Nambari Kubwa kwa Kalamu na Kikokotoo cha Dukani

Wiki ya Jamhuri mpwa wangu wa Gredi ya 8 alinikuta sebuleni kwetu Buruburu nikinywa chai. Akaniwekea karatasi mbele. Alikuwa ameandika tarehe ya uhuru bila mikwaju: 12121963. "Mjomba, hii ni tasa?" Nikaitazama mkia wake wa 63, nikamjibu kwa haraka ya mtu mzima anayetaka kuonekana anajua: "Yaonekana tasa."

Haikuwa tasa. Chai ilipoa tukiipasua. Mwongozo huu ni ile kazi ya jioni hiyo, hatua kwa hatua, ili nawe uweze kuchukua nambari yoyote ya tarakimu saba au nane na kuijua ndani nje. Programu za simu hufanya kazi hii kufumba na kufumbua, lakini zinakupa jibu tu. Hazikuonyeshi kwamba kazi ngumu ni moja peke yake, ya kupata vigawo tasa. Ukishavipata, mengine yote ni kuzidisha na kujumlisha.

Vya kuandaa

Kalamu, karatasi ya miraba, na kikokotoo cha kawaida cha tarakimu nane, kile ambacho mwenye duka huweka kando ya mizani. Nambari yetu, 12121963, tuiite Jamhuri; ina tarakimu nane kamili, kwa hiyo inaenea kwenye kioo chake bila kubaki nafasi hata moja.

Wengi wetu Nairobi tulisoma hesabu kwa Kiingereza, kwa hiyo tukubaliane maneno. Kigawo cha nambari ni kile kinachoigawanya bila kubakisha kitu: 4 ni kigawo cha 12. Nambari tasa ni ile inayozidi 1 na isiyo na kigawo ila 1 na yenyewe, kama 2, 3, 5, 7, 11. Shufwa ni zile zinazogawanyika kwa 2, na witiri ni zile zisizogawanyika. Anayeswali witiri usiku hahitaji kuelezwa zaidi. Kipeuo cha pili cha 49 ni 7.

Anza na mkia

Mambo matatu unayapata kabla hujagusa kikokotoo. Tarakimu ya mwisho ni 3, kwa hiyo nambari ni witiri na 2 imetoka. Haiishii kwa 0 wala 5, basi 5 nayo imetoka. Kisha jumlisha tarakimu zote: 1+2+1+2+1+9+6+3 = 25. Kwa kuwa 25 haigawanyiki kwa 3, nambari nzima haigawanyiki kwa 3, wala kwa 9.

Kwa nini jumla ya tarakimu inatosha? Kwa sababu 10, 100, 1,000 na kuendelea, kila moja ukiigawanya kwa 3 inabakisha 1. Kwa hiyo 900 inabakisha kilekile ambacho 9 ingebakisha, 60 kilekile cha 6, na sufuri zote hazina uzito. Mimi hujizoeza stejini kwa nambari za njia za matatu nikingoja gari lijae. 111 ya Ngong ina sura ya nambari tasa kabisa, lakini 1+1+1 ni 3, na kweli ni 3 × 37. 237 ya Thika inatoa 12, basi ni 3 × 79. 58 ya kwetu ni shufwa, haina siri.

Jambo moja la kuandika pembeni kwa ajili ya baadaye: tarakimu mbili za mwisho ni 63, na 63 ukiigawanya kwa 4 inabaki 3. Mamia na maelfu yote yanagawanyika kwa 4, kwa hiyo nambari nzima pia inabakisha 3. Usiifute.

Ujanja wa 1,001

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu shuleni 7 haikupewa kanuni ya kueleweka. Kanuni ipo, na inakupa 11 na 13 kama nyongeza. Zidisha 7 × 11 × 13 upate 1,001. Kwa kuwa 1,000 ni pungufu ya 1,001 kwa moja tu, unaweza kuikata nambari yako vipande vya tarakimu tatutatu kutoka kulia, kisha ukatoa na kujumlisha kwa zamu.

12 | 121 | 963 inakuwa 963 − 121 + 12 = 854.

Sasa swali la nambari ya milioni kumi na mbili limekuwa swali la 854. Kwa 7: mara 122 kamili, hakuna kinachobaki. Kwa 11: mara 77, inabaki 7. Kwa 13: mara 65, inabaki 9. Basi 7 imo. 11 na 13 hazimo. Gawanya:

12,121,963 ÷ 7 = 1,731,709.

Usikimbilie 17. Kigawo kikiingia mara moja, kijaribu tena. 709 − 731 + 1 = −21, nayo ni 7 mara tatu upande wa hasi, kwa hiyo 7 inaingia tena: 1,731,709 ÷ 7 = 247,387. Tena: 387 − 247 = 140, na 140 ni 7 × 20. Hapo mpwa wangu alisimama kitini. 247,387 ÷ 7 = 35,341. Jaribio la nne: 341 − 35 = 306, nayo kwa 7 inabakisha 5. Basi, imetosha. Tarehe ya uhuru inabeba 7 × 7 × 7, yaani 343, na inabaki 35,341 ya kushughulikia.

Jirani mmoja aliposikia saba tatu alianza kuuliza kama ni nambari za bahati za kuweka mkeka. Saba tatu hizo zimo kwa sababu tunaandika siku kwanza, mwezi, kisha mwaka. Ukianza na mwaka, kama Wachina, unapata nambari nyingine kabisa.

Ujue pa kusimama

Vigawo huja wawili wawili: 35,341 ikiwa ni kitu mara kitu, mmoja wao hauwezi kuzidi kipeuo cha pili, maana wote wawili wakizidi, zao lao litapita nambari yenyewe. Kwa hiyo unajaribu nambari tasa hadi kwenye kipeuo, basi. Usipopata kitu, nambari ni tasa.

Tazama tofauti. Kipeuo cha 12,121,963 ni 3,481 na ushei. Nambari tasa zilizo chini ya hapo ni karibu mia tano, na hiyo ni kazi ya wikendi nzima. Kipeuo cha 35,341 hakifiki 188, maana 188 × 188 = 35,344. Tasa zilizo chini ya 188 ni 42 tu, nazo sita za kwanza tumeshamalizana nazo. Kila ukitoa kigawo, piga kipeuo upya. Ningekuwa na nafasi ya kumpa mtu ushauri mmoja tu katika kazi hii, ungekuwa huu.

Orodha ya tasa unaitengeneza mwenyewe kwa chekeche la Eratosthenes, aliyesimamia maktaba ya Alexandria, Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Andika 2 hadi 187 kwenye miraba. Acha 2, futa kila ya pili baada yake. Acha 3, futa kila ya tatu. Fanya hivyo kwa 5, 7, 11 na 13, kisha simama, kwa kuwa 17 × 17 ni 289, imeshapita orodha yako. Zilizobaki bila kufutwa ndizo tasa.

Kikokotoo hakikuambii kinachobaki, kinakupa desimali. Kwa hiyo gawanya, chukua sehemu nzima, izidishe, kisha toa. Mfano 35,341 ÷ 17 = 2,078.88. Chukua 2,078 × 17 = 35,326, na 35,341 − 35,326 = 15. Hii ndiyo safari yetu:

17 inabakisha 15
19 inabakisha 1
23 inabakisha 13
29 inabakisha 19
31 inabakisha 1
37 inabakisha 6
41 inabakisha 40
43 inabakisha 38
47 inabakisha 44
53 inabakisha 43
59 haibakishi kitu

19 na 31 zote zilikosa kwa moja tu. Hesabu ina utani wake.

35,341 ÷ 59 = 599. Unaweza kulihakiki kichwani: 59 × 600 ni 35,400, toa 59.

Je, 599 ni tasa? Kipeuo chake hakifiki 25. Kigawo chochote cha 599 kilicho chini ya 25 kingekuwa pia kigawo cha 35,341, nasi tumeshazikataa zote hizo. Kwa hiyo 599 ni tasa bila kugawanya tena hata mara moja.

12,121,963 = 7 × 7 × 7 × 59 × 599

Kosa langu la jioni ile nilitaje hapa, maana nawe utalifanya. Nilinakili 35,341 kama 35,431. Baadaye kidogo, kwa kuhakikisha tu, nikajaribu 11, ikaingia sawasawa, mara 3,221. Nusura nifurahi. Lakini 854 ilikuwa imeshaikataa 11, na nambari haiwezi kupata kigawo ambacho mama yake hakuwa nacho. Hatua mbili zikipingana, usitafute maelezo ya kina. Tafuta tarakimu uliyonakili vibaya.

Ukishaipasua

Vigawo vyote ni vingapi? Tazama kila tasa imetokea mara ngapi, ongeza moja kwa kila hesabu, kisha zidisha. 7 imetokea mara tatu: 4. 59 mara moja: 2. 599 mara moja: 2. 4 × 2 × 2 = 16. Ile moja ya kuongeza ni kwa sababu unaweza pia kuamua kutoichukua tasa hiyo kabisa.

Jumla ya vigawo hivyo ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Kwa kila tasa jumlisha 1 na vipeo vyake, yaani tasa hiyo, kisha ikizidishwa kwa yenyewe, hadi kufikia mara ilizotokea, halafu zidisha jumla hizo: 1 + 7 + 49 + 343 = 400. 1 + 59 = 60. 1 + 599 = 600.

400 × 60 × 600 = 14,400,000.

Nambari iliyoanza na tarakimu zisizo na mpango imetoa milioni kumi na nne na laki nne, sufuri tano nyuma. Nilipiga mara tatu nikidhani kikokotoo kimekwama.

Toa nambari yenyewe kwenye jumla hiyo, inabaki 2,278,037, ndiyo jumla ya vigawo vyake vidogo. Wagiriki wa kale waliita nambari kamilifu ile ambayo jumla hiyo inalingana nayo, kama 6 (1+2+3) au 28. Jumla ikizidi, nambari ni ya ziada. Ikipungua, ni pungufu. Jamhuri ni pungufu, na pungufu sana. Nambari witiri nyingi huwa hivyo, na mpaka leo hakuna aliyepata witiri iliyo kamilifu.

Nambari ngapi kuanzia 1 hadi 12,121,963 hazina kigawo cha pamoja nayo zaidi ya 1? Leonhard Euler, Mswisi, alitoa njia. Toa sehemu moja ya saba, kwenye inayobaki toa moja ya 59, kisha moja ya 599. Kwa nambari nzima: 49 × 6 × 58 × 598 = 10,197,096. Hiyo ni kama asilimia 84. Idadi hii ina kazi kubwa kwenye ufunguo wa siri wa benki; nitaigusa kidogo huko chini.

Je, inaweza kuandikwa kama jumla ya miraba miwili, kitu mara chenyewe kuongeza kingine mara chenyewe? Rudi kwenye ile 3 uliyoandika pembeni. Mraba wa shufwa unabakisha 0 ukigawanywa kwa 4. Mraba wa witiri unabakisha 1. Jumlisha miwili utakavyo: unapata 0, 1 au 2. Kamwe hupati 3. Jamhuri inabakisha 3, basi haiwezekani, na jibu hili ulikuwa nalo tangu dakika ya kwanza bila kupasua chochote.

Tofauti ya miraba miwili, hiyo inawezekana kwa kila witiri. Chukua vigawo viwili vinavyozidishana kuwa nambari yako, tafuta katikati yao na nusu ya tofauti yao. Vilivyo karibu zaidi ni 2,891 (49 × 59) na 4,193 (7 × 599). Katikati ni 3,542, nusu ya tofauti ni 651:

3,542 × 3,542 − 651 × 651 = 12,545,764 − 423,801 = 12,121,963.

Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, aligeuza jambo hili kuwa njia ya kutafuta vigawo: panda kutoka kwenye kipeuo ukitafuta mraba utakaobakisha mraba. Kwa Jamhuri ungeanza 3,482 na kupanda hadi 3,542, majaribio 61. Kwa jumla ungekesha. Njia hiyo inafaa pale tu unaposhuku kwamba vigawo viwili vinakaribiana.

Mbili kwa pamoja

Tarehe moja ikiisha, mtoto huleta nyingine. Sikukuu ya Madaraka, 1 Juni 1963, ni 01061963, nayo sufuri ya mbele haihesabiwi, basi ni 1,061,963. Kigawo kikubwa cha pamoja kati yake na Jamhuri hakihitaji kupasua lolote. Euclid, Mgiriki wa kale, aliandika njia yake kama miaka 2,300 iliyopita. Gawanya kubwa kwa ndogo, chukua kilichobaki, ukitumie kuigawanya ile ndogo, na uendelee hivyo hadi kisibaki kitu. Vinavyobaki ni hivi, kwa mpangilio:

440,370, 181,223, 77,924, 25,375, 1,799, 189, 98, 91, 7, 0.

Cha mwisho kabla ya sufuri ni 7. Mara kumi za kugawanya, nambari mbili za mamilioni, jibu moja.

Kwa hizi mbili kuna njia ya mkato zaidi, maana zote zinaishia 1963. Toa ndogo kwenye kubwa: 11,060,000. Kigawo cha pamoja lazima kiwe kigawo cha tofauti hii pia, nayo ni 2 × 7 × 79 × 10,000. Tarehe zote mbili ni witiri na haziishii kwa 5, kwa hiyo zinabaki 7 na 79. 79 haimo katika orodha ya Jamhuri. Ni 7.

Na Jamhuri ya 1963 na ile ya 1964, siku Kenya ilipokuwa jamhuri kamili? 12,121,963 na 12,121,964 zimefuatana, na nambari mbili zinazofuatana haziwezi kuwa na kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Kingekuwepo, kingelazimika kuigawanya tofauti yao, ambayo ni 1.

Kalamu inaposhindwa

Njia hii ni ya tarakimu nane, tisa, kumi hivi kwa mvumilivu. Baada ya hapo inakuwa adhabu, na ugumu huo ndio unaolinda siri za watu. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walitengeneza mfumo wa siri wenye ufunguo unaotokana na tasa mbili kubwa zilizozidishwa. Anayezijua tasa zote mbili anakokotoa ile idadi ya Euler kwa urahisi, asiyezijua amekwama. Nambari ya majaribio ya mfumo huo yenye tarakimu 250 ilipasuliwa mwaka 2020 kwa kompyuta nyingi zikifanya kazi pamoja, ilhali ufunguo wa kawaida wa biti 2,048 una tarakimu 617. Usijaribu na kikokotoo cha dukani.

Yako ya kujaribu

Anza na Madaraka. 7 unayo tayari, inabaki 151,709, na utatembea hadi 211 kabla ya kupata kitu. Ukifika: 211 × 719. Andaa chai ya pili.

Ukitaka iliyo laini, chukua 20 Oktoba 1952, siku hali ya hatari ilipotangazwa, ambayo sasa ni Mashujaa: 20,101,952. Gawanya kwa 2 mara sita, upate 314,093. Ujanja wa 1,001 utakupa 13, na baada yake 37 haiko mbali: 2 mara sita, 13, 37, 653. Halafu tazama hizi tasa tatu witiri. 13, 37 na 653, kila moja ukiigawanya kwa 4 inabakisha 1, na Fermat alijua kwamba tasa za namna hiyo zote ni jumla ya miraba miwili: 4 + 9, 1 + 36, 484 + 169. Kilichowezekana kwa kila moja kinawezekana kwa zao lao. Kwa hiyo Mashujaa inaweza pale Jamhuri iliposhindwa. Piga 1,256 × 1,256, piga 4,304 × 4,304, kisha jumlisha.